Upande wa Pili wa Kanda

Usinambie wimbo wa kwanza ndio bora, Shaame.
Wa kwanza ni hodi tu:
magitaa mawili yanagombania mlango
na Khatibu anapiga ukelele kama aliyemwagiwa uji wa moto.
Uliamsha Chake nzima, nakubali,
tangu Machomane hadi Tibirinzi,
lakini kuamshwa si kuambiwa kitu.

Wa pili, samahani, peleka kanda mbele.
Ngwali mwenyewe, mpiga ngoma, alishakiri:
zilibaki dakika nne, wakaona hasara kuziacha tupu.
Unasikika hivyo hasa,
kama mtu anayengoja chenji.

Sasa njoo kwenye "Mize".

Miaka ishirini mnabishana Mize alikuwa nani.
Wako waliomtia Wete, binti wa karani wa karafuu.
Wako wanaoapa aliolewa Tanga
akamwachia Khatibu gitaa la nyuzi tano.
Kuna mama mmoja Ole hujifunika uso ukipigwa,
naye haitwi Mize, anaitwa Raya.
Basi nisikilize miye niliyeshika bisibisi:
Mize ilikuwa jenereta.
Ya kijani, mali ya Bakar Songoro, ya kukodishwa harusini,
jina limeandikwa ubavuni kwa rangi iliyobaki kwenye mlango.
Usiku ule wa kurekodi ikashikwa na kwikwi,
taa zikawa nyekundu kama jicho la mwenye homa,
na Khatibu, kwa woga wa kweli, akaimba
*Mize, usinizimikie.*
Mkalia. Mkachumbiana. Mkaoana
kwa ajili ya plagi chafu,
plagi niliyoisugua kwa msasa na mate.

Umepungua utamu? Kwangu umezidi.
Mwanamke huombwa abaki kwa maneno mengi.
Anayeiomba mashine
ameshamaliza watu wa kuwaomba.

Na ule mvumo chini ya besi, uusikie vizuri.
Walipoitoa upya albamu kule Unguja waliufuta,
wakasema ni kasoro.
Nimeisikia hiyo safi yao:
pweza aliyechemshwa bila chumvi.
Albamu inaitwa *Mgao*, jamani,
halafu mnaondoa umeme unaonung'unika!

"Pishi la Kulundika" sina neno nao,
ila gitaa la katikati limerefushwa mno,
Mbarouk alikuwa na mashabiki dirishani.
Ule mdundo, tok, tok-tok, si wa ng'ambo kama mnavyodhani.
Ni kiganja cha mama yake Ngwali
akisawazisha pishi mbele ya mnunuzi
aliyetaka ipande kama kichuguu kwa bei ya iliyofutwa.
Mtoto alikaa kwenye jamvi, anachambua vikonyo, anahesabu.
Hasira ile aliitunza hadi akapata ngoma za kuipigia.

Lakini miye ni mtu wa wimbo wa mwisho,
ule usio na jina, msioufikisha.
Mize imeshakufa. Kiza.
Mtu kaleta redio kaseti ya betri sita,
na gitaa la umeme likapigwa bila umeme,
nyuzi nyembamba, sindano zinadondoka kwenye sinia.
Khatibu haimbi, anasema.
Anataja nyumba zilizo gizani, moja moja, kwa majina ya wenyewe,
na yetu imo.
Kisha, kabla ya ubeti wa mwisho,
kuna mtu anakohoa.

Huyo ni Hija, kaka yangu, mbeba waya.
Yuko Sohar sasa, anaendesha gari la maji.
Nilimpigia wiki iliyopita, nikamwekea spika:
sikiliza, ndiwe huyo.
Akanyamaza kidogo.
Akasema usiku ule hakuwepo,
alikuwa Mkoani kwa wakwe,
na Mize anaikumbuka ilikuwa ya buluu.

Sasa wewe Shaame usianze kucheka.
Nimeirudisha kanda mara kumi na moja.
Kikohozi cha ndugu yangu nakijua.
Ya kijani, nakwambia. Ya kijani.